Wenye Mapezi na Magamba

Baba yangu alilala kwangu msimu mzima wa mvua kwa sababu moja tu: sikuolewa. Watoto wake tuko wanne, na watatu kati yetu wana nyumba nzuri kuliko yangu. Kaka mkubwa ana ghorofa ukitoka mjini, ina vyumba vya wageni ambavyo hata yeye hajui funguo zake ziko wapi. Lakini kwetu Wagusii baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, sembuse kulala humo. Tunaita chinsoni, ile heshima ya kuoneana haya kati ya mzazi na mtoto, na haina rufaa. Kwa kaka wa pili ni vivyo hivyo. Dada ameolewa Nyamira, na mzee halali chini ya paa la mkwewe hata kama amelowa chepechepe. Basi kisukari kilipomtia mzee kidonda cha unyayo, na daktari wa mjini akataka kukisafisha kila baada ya siku moja, walikaa kikao bila mimi wakagundua kwamba mjini kuna nyumba moja tu isiyo na mwiko. Yangu, ya kupanga, mtaa wa Nyanchwa, vyumba viwili na sebule.

Miaka yote walinisema nikakoma. Kila Desemba tukikutana nyumbani, upande wa Ogembo, kuna shangazi aliyepewa kazi ya kuniuliza naogopa nini. Sasa kutoolewa kwangu kukawa neema. Kaka mkubwa alinipigia simu akiwa na furaha kabisa.

"Umeona vile Mungu anapanga? Ungekuwa umeolewa, mzee angeenda wapi?"

Nikamwambia nyuma ya ghorofa lake kuna nyumba ndogo ya matofali, na nyumba ya uani haina mwiko wowote.

"Hiyo iko na vifaranga," akasema.

Sikukataa, na nitasema wazi kwa nini. Baba ni mzee wa kanisa la Wasabato, na kila mtoto wake alipopata nyumba alikwenda kuiombea. Kwa wanawe alisimama nje, uso umeelekea mlango, akainua mikono, watu wakalia. Kwa dada alikwenda na wazee wenzake na kwaya nzima. Kwangu hakuja. Niliwahi kumwomba, mwaka ule nilipohamia Nyanchwa na kununua viti vyangu vya kwanza, akaniambia kwa upole kwamba nyumba ya msichana haiombewi, kwa sababu ni mahali pa kungojea tu. Niliumia, na ule uchungu haukuwahi kupoa. Kwa hiyo simu ilipokuja nikawaza: akilala hapa, akila hapa, akiona ninavyofunga milango yangu jioni, ataona ni nyumba. Atasimama sebuleni aseme, Bwana, ibariki nyumba hii. Mimi ni mwanamke mzima, naendesha maabara ya shule, nawatisha vijana kwa tindikali, na hilo ndilo jambo pekee nililolitaka duniani mwaka ule.

Kwenye sebule hiyo kulikuwa na tangi la samaki wa baharini. Najua linavyosikika. Bahari iko mbali nasi kiasi kwamba watu wengi wa kwetu wanaijua kwa harusi za kwenye televisheni. Tangi nililinunua kwa familia moja ya Kiislamu iliyokuwa na duka la vitambaa mjini. Walikuwa wanahamia Mombasa, na mwenye duka alisema hataki kuonekana mjinga akipeleka maji ya chumvi Mombasa. Mkewe ndiye aliyenifundisha. Chumvi yenyewe inakuja kwa gunia kutoka Nairobi, siyo ya kupikia. Unaikoroga na maji safi ya kununua, unapima. Halafu joto. Nyanchwa usiku ni baridi, na samaki wa baharini anataka maji vuguvugu kama ya kumwogesha mtoto, basi kuna chuma cha kupasha maji, na stima ikipotea, nayo hupotea kila mvua inapokohoa, unafunika tangi kwa blanketi na kuwasha pampu ya betri.

Lakini kazi kubwa, yule mama aliniambia, si chumvi wala joto. Ni kuchagua nani akae na nani. Bahari ni pana, samaki wakikosana mmoja anaondoka. Kwenye tangi dogo hakuna pa kuondoka. "Usichague kwa macho," alisema. "Uliza kwanza analala wapi, anakula nini, na hasira zake zikoje. Mwoga aingie kwanza, ajue nyumba. Mwenye hasira aingie mwisho, au asiingie kabisa. Na ukishakuwa na wanne, funga mlango."

Nilimsikiliza. Nilichagua polepole kuliko watu wanavyochagua wachumba. Kwanza aliingia mwoga wangu, mwembamba, mweupe mbele na mwekundu mkiani, ana unywele mmoja mrefu mgongoni anaoutikisa akishtuka. Baadaye wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, ambao wakikaa pamoja mkubwa huwa jike na mdogo huwa mume, na jike ndiye anayetawala. Wa mwisho alikuwa samaki wa kahawia, mnene wa kichwa, macho juu kabisa, anakaa juu ya jiwe kutwa nzima akiwatazama wapita njia na kukwangua ukungu wa kijani. Na pamoja nao konokono wachache, na kamba mmoja mwekundu mwenye mstari mweupe mgongoni, ambaye kazi yake ilikuwa kuwasafisha wenzake. Samaki wangu wa chungwa walimwendea wakafungua midomo, naye akaingiza mikono yake myembamba, akatoa uchafu. Sijawahi kuona watu wa nyumba moja wakipatana hivyo. Kila mmoja alikuwa na mahali pake pa kulala na hakuna aliyetaka pa mwenzake.

Baba alifika na fimbo yake, Biblia yake, godoro lake na kaka mkubwa. Wiki ya kwanza hakusema kitu kuhusu tangi. Mguu ulimuuma sana. Nilimkanda, nikampikia ugali wa wimbi na chinsaga, mboga yetu chungu, nikaomba ruhusa shuleni nimpeleke kusafishwa kidonda, nikamshika mkono alipofunga macho ili asiangalie. Maumivu yalipopungua, akaanza kutazama. Alikuwa anaamka mapema kuliko mimi; nikitoka chumbani namkuta ameketi mbele ya kioo, mguu juu ya kigoda.

Asubuhi moja aliniuliza kwa nini yule mkubwa anamsukuma mdogo. Nikamweleza kwamba mkubwa ndiye mama, na mdogo ndiye baba wa nyumba, na mdogo akipita mpaka anatikiswa kidogo hadi akumbuke. Baba alicheka mpaka akashika mbavu.

"Huyo ni mama yako," akasema. "Huyo ni mama yako kabisa."

Mama amekwenda siku nyingi, na ni nadra baba kumtaja bila kukunja uso. Nilikaa chini kando yake, tukanywa chai ya maziwa tukiwatazama, na nikafikiri: tumefika. Wiki hii au ijayo ataiombea.

Kumbe alikuwa anakagua. Sabato iliyofuata, baada ya ibada, aliniita. Nyumbani tunaongea Kigusii, lakini jambo likiwa la sheria baba huhamia Kiswahili cha mimbarani. Alikuwa amevaa miwani ya kusomea na ameshika tochi.

"Mama," akasema, maana mimi nilirithi jina la mama yake na ndivyo anavyoniita, "hii nyekundu ya miguu mingi, iko na mapezi?"

"Huyo ni kamba, baba. Si samaki."

"Iko na magamba?"

"Hapana."

Akasogeza tochi kwa samaki wa kahawia. Nikajua tunakwenda wapi, maana nimelelewa kwa ile sura ya Biblia ya wanyama najisi tangu kabla sijajua kusoma. Wa majini anayekubalika ni mwenye mapezi na magamba. Mwingine ni chukizo. Na yule mnene wangu ana ngozi laini tupu, hana hata gamba moja. Nikamwambia baba kwamba sheria ile ni ya kula, na hakuna anayetaka kuwala.

"Kinachoingia kwa macho pia kimeingia," akasema. "Mimi siwezi kuomba asubuhi nikiangalia kitu kama hiyo."

Ndiyo, alisema kuomba. Akawakagua wote, mmoja mmoja, kwa tochi, kama afisa wa afya kwenye bucha. Wa chungwa wakapita. Mwoga alimsumbua, kwa sababu magamba yake ni madogo kama vumbi. Nikaleta kioo cha kukuzia kutoka maabara, tukangoja hadi akakaribia, baba akakodoa, akasema haya, huyu ni safi. Konokono aliwahukumu bila kuwatazama mara mbili.

Jioni ile simu zikaanza. Kaka mkubwa: mheshimu mzee, ni vidudu tu. Dada: usimpandishie mzee sukari kwa ajili ya wadudu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Kwangu mkuu mwenyewe ndiye aliyekuja na guu, na bado asiyesikia nilikuwa mimi. Hapa mjini hakuna mwingine mwenye maji ya chumvi wa kumpa. Nikawafunga kamba, konokono na yule wa kahawia kwenye mifuko yenye hewa, nikawaweka ndani ya boksi la kuhifadhi baridi, nikawatuma kwa basi la usiku kwa muuzaji wangu Nairobi. Aliniambia kamba amefika. Yule wa kahawia alikuwa amekufa njiani. Baba nilimwambia wamekwenda, akasema vizuri, mama, sasa nyumba imetakata. Nililiweka neno hilo, "nyumba", moyoni kama mjinga.

Bila konokono na bila mkwanguaji, kioo kikaanza kuwa kijani. Nilikwangua kwa kadi ya zamani ya benki kila jioni nikitoka kazini, na bado baba alilalamika kwa wageni kwamba maji yangu yanafanana na dimbwi la ng'ombe. Wageni walikuwa wengi. Kila Sabato alasiri walijaa wazee wa kanisa na akina mama, wakaketi kwenye viti vyangu, wakala ndizi zangu, wakampongeza baba kwa kuvumilia mguu. Wakiondoka walinishika mkono kwa mikono miwili na kuniambia Mungu hajanisahau. Sikuwa nimemwambia mtu kwamba amenisahau.

Halafu ikaja zawadi. Kaka mkubwa alikuwa na shughuli zake Mombasa, na baba, kwa kuona tangi limepungua, alimwagiza aniletee samaki wengine badala ya wale najisi. Walizungumza wenyewe, wanaume, na wakaweka sharti moja: wawe na mapezi na magamba. Hakuna aliyeuliza hasira zao. Kaka akarudi na ndoo yenye mfuniko na mashine ya hewa, na ndani yake samaki wanne wa buluu, wanang'aa kama kitenge kipya. Niliwatambua. Yule mama wa duka alinionyesha picha yao siku ya kwanza kabisa. "Hawa ni wazuri na ni wa bei nafuu," aliniambia, "na ndio watu wanaoanza nao wakajuta. Huyu akipata jiwe, kila jiwe ni lake."

Nikasema hawawezi kuingia. Nikaeleza, pale pale, mbele ya kaka na mkewe na baba. Tangi ni dogo. Wale ni wapole, hawa ni wagomvi. Fahali wawili hawakai zizi moja, nanyi mnaniletea wanne.

Kaka alitazama ukuta. Mkewe alisema Kiswahili cha upole, kile cha kumwambia mtu ambaye hajazaa: "Si wote ni samaki? Watazoeana tu."

Baba aliisogeza ndoo karibu na tangi. Kisha akasema, "Wale wachafu ulikuwa umewapea nafasi. Hawa safi ndio wanakosa? Wenye magamba wataelewana, mama. Mungu aliwaweka fungu moja."

Kwetu zawadi ya baba hairudishwi mkononi mwake. Ukiirudisha, ni kama umemjibu maneno. Na kaka, akivaa koti mlangoni, alininong'oneza jambo lililonimaliza nguvu: mguu umepona, daktari anamruhusu mwisho wa mwezi, na mzee amesema hawezi kuondoka hapa bila kuomba. "Usiharibu," akasema. Nikawazoesha wale wa buluu maji polepole, jinsi inavyotakiwa, nikipanga upya mawe ili wote waone pageni. Nilifanya kila kitu kinachofanywa. Nikawatia ndani.

Mwoga alikuwa wa kwanza. Kesho yake tu alikuwa haonekani, na siku chache baadaye nilimkuta sakafuni chini ya kiti cha baba, amekauka. Alikuwa ameruka nje. Samaki wa namna ile hufukuzwa hadi anaona afadhali hewa. Halafu wakamgeukia mume wa wale wa chungwa, wakambana kwenye pembe ya juu karibu na chuma cha moto, mkia umechanika nyuzi nyuzi. Jike alimtetea. Nililiona hilo kwa macho yangu. Aliwakimbiza, akarudi, akawakimbiza tena, na yeye mwenyewe akaanza kupungua rangi. Nilijaribu kuwanasa wa buluu kwa wavu, lakini kunasa samaki kwenye mawe ni kama kumtoa panya ghalani kwa mwiko wa ugali. Nililia jikoni kwa hasira, bomba likiwa wazi ili baba asinisikie.

Yeye alifurahia. Nasema bila kumsingizia: alifurahia. Yule wa buluu mkubwa zaidi alimwita askari, akawaonyesha wageni. "Angalia vile analinda mpaka," aliwaambia, na wazee wakainama na miwani yao wakaona kwamba kweli, analinda. Hakuna aliyeuliza anamlinda nani. Siku nilipomtoa yule mume kwa kijiko, amelala ubavu, baba alinitazama kwa huruma ya kweli.

"Pole, mama. Ni samaki tu. Huko Ogembo sokoni wamejaa."

Jike hakukaa wiki mbili baada ya hapo. Na wale safi, walipomaliza wengine, wakaanzana wenyewe kwa wenyewe, hadi akabaki askari peke yake, na kila jiwe likawa lake. Nilimlisha. Sikumchukia, maana hakujileta.

Siku ya kuondoka walikuja wote. Kaka wawili na wake zao, dada na mumewe kutoka Nyamira, wazee watatu wa kanisa. Nilikuwa nimeosha mapazia, nimekwangua kioo, nimechinja kuku wawili, nimepika ndizi, ugali wa wimbi na mboga chungu ya kwetu kwa maziwa. Nilivaa ile suti ya Sabato kubwa. Baba alitembea kutoka chumbani bila fimbo, watu wakapiga makofi, na mzee mmoja akasimama kumshukuru kaka mkubwa kwa jinsi alivyopanga matibabu. Kaka akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Sikujali. Nilikuwa nangoja jambo moja.

Baba akasema tusimame tuombe. Akasimama katikati ya sebule yangu, si nje mlangoni, ndani kabisa, akainua mikono. Alimshukuru Mungu kwa mguu. Akaiombea nyumba ya kaka mkubwa, msingi wake na watoto wake. Akaiombea ya kaka wa pili. Akaiombea ya Nyamira, ng'ombe wake na chai yake. Nilikuwa nimefumba macho kwa nguvu hadi yakawa yanauma. Kisha sauti yake ikalegea, akataja jina langu, ambalo ni la mama yake.

"Na huyu binti yako, Bwana, aliyeniosha na kunilisha. Usimwache hapa. Umeona vile anakaa. Mtoe kwa nyumba hii, Baba, umpe na yeye kwake."

Wakasema amina. Mke wa kaka aliisema mara mbili. Nami nikaisema, kwa sababu mdomo umezoea tangu utotoni na haungoji kuulizwa.

Waliposhuka ngazi na mizigo nilimshika baba kiwiko, tukabaki wawili mlangoni. Alikuwa na machozi machoni. Maombi yake mwenyewe yalikuwa yamemgusa. Nikamwambia kwa Kigusii, taratibu, ili asiseme hakusikia, "Tata, hapa ndipo kwangu."

Akanipapasa mkono. "Najua, mama," akasema. "Ndiyo maana nimeomba."

Kaka akapiga honi, na baba akateremka ngazi mwenyewe, akikanyaga mguu wake uliopona.